Mama Mboji anasubiri jani linyooke

Hata uso hajanawa. Mama Mboji anafungua mlango wa jikoni, anavaa kandambili za mumewe kwa kuwa ndizo zilizo karibu, na kwenda moja kwa moja kwenye benchi lililosogezwa ukutani. Juu ya benchi kuna makopo manne ya maziwa ya unga, yaliyotobolewa chini kwa msumari ili maji yasituame. Ndani ya kila kopo imeota miche ya maharage.

Anainama. Anainua jani la juu kwa ncha ya kidole, analitazama kwa chini, analiachia. Anahamia kopo la pili, kisha la tatu. Ukimtazama mabega unajua majibu.

"Bado," anasema hatimaye. "Yamejikunja tena."

Majani machanga kwenye makopo hayo matatu yamepinda na kukunjamana, mashina yamejinyonga, kama vidole vya mtu aliyeshikwa na baridi yabisi. Udongo wa makopo hayo umetoka kwenye matuta yake mwenyewe. Kopo la nne lina udongo uliochotwa kando ya barabara, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupanda kitu. Humo maharage yamesimama wima na majani yake yamefunguka vizuri.

"Udongo wa barabarani, unaokojolewa na mbwa, unaotesha maharage," anasema. "Wangu niliousifu kwa miaka yote hiyo kwamba ni udongo bora kuliko wote, hauwezi."

Kuna kopo la tano. Ni bati la biskuti lenye kutu pembeni, limewekwa peke yake kwenye ukingo wa dirisha, na limefunikwa kwa kapu lililopinduliwa ili kuku wasilidonoe. Hilo hajalisogelea.

"Hilo si langu. Hilo ni la wifi yangu," anasema, na kupangusa mikono kwenye kanga. "Nitalitazama nikishapata nguvu. Ngoja kwanza niweke maji ya chai."

Jina la Mama Mboji alipewa na majirani, na mwanzoni lilikuwa la kejeli. Mboji ni ule udongo mweusi, laini, unaopatikana maganda, majani na samadi vikioza pamoja, na mwanamke huyu alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na ndoo yenye mfuniko, akiomba maganda ya viazi na majani ya chai.

"Walidhani nimefilisika mpaka nala makombo," anasema. "Kuna mama mmoja alinipa na wali, akasema nisione haya."

Kabla ya hapo alikuwa dobi. Alifua nguo za watu kwa mikono mpaka ngozi ya vidole ikawa inapasuka, na uwanja wa nyuma ya nyumba ulikuwa mahali pa kumwaga maji ya sabuni. Hapakuota hata magugu. Kisha siku moja, katika shule ya jirani, akaja mwalimu mgeni kufundisha kilimo wanachokiita permakalcha, yaani kuiga jinsi msitu unavyojilisha wenyewe bila mbolea ya dukani wala dawa.

"Hilo neno sikulielewa hata kidogo. Nilichoelewa ni kwamba msitu hauna mtu wa kuulima, hauna mtu wa kuumwagilia, na haufi njaa. Nikasema, basi mimi na msitu ni ndugu. Mimi pia sina mtu."

Mumewe, fundi saa anayefanyia kazi zake barazani, anakohoa kwa makusudi. "Mimi ni nani, kwani?"

"Wewe ni mume," anamjibu bila kugeuka. "Nimesema mtu wa kumwagilia."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilikuwa kazi kweli. Maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa tena. Aliyachimbia mtaro wenye kokoto na mchanga, yakawa yanachujika mpaka kwenye migomba. Mvua ikinyesha, bati linajaza pipa. Vitunguu saumu alivipanda kati ya nyanya ili wadudu wachanganyikiwe na harufu. Katikati ya uwanja akajenga tuta la mviringo lenye njia nyembamba ya kuingilia, na ndani yake tenga la maganda yanayooza na kulisha mimea iliyolizunguka.

Jembe hakuligusa. Permakalcha yake haikutaka ardhi ipinduliwe. Alitandaza nyasi kavu juu ya udongo, akawaachia nyungunyungu kazi ya kulima. Jembe lake akaliuza, na hakuona kwamba amepoteza kitu.

Polepole kejeli ikageuka. Ilifika wakati zaidi ya nyumba ishirini mtaani zilipata mboga kwake: mchicha, spinachi, karoti, nyanya, maharage mabichi. Ndoo ya dobi ikapumzika. Kapu moja la nyanya lilimpa mara mbili ya alichokuwa akilipwa kwa kufua furushi la nguo za familia nzima, na vidole vikapona.

Getini pake palikuwa na sheria moja: kilichopigwa dawa hakiingii. Akikuta umemletea majani ya kutandaza, atakuuliza yametoka wapi, jirani wa aliyekupa analima nini, na upepo huvuma kutoka upande gani.

"Mgeni hapa huulizwa habari za dawa kabla ya habari za nyumbani," mumewe anasema, na miwani yake ya kukuzia ikiwa bado kwenye jicho.

Mama Mboji hacheki. Utani huo zamani ulikuwa mtamu, sasa una mchanga ndani.

Wifi anayemtaja ni mdogo wa mumewe, mjane, anayeishi nusu ya pili ya kiwanja hichohicho walichoachiwa na baba yao. Kati ya nyumba mbili kuna ukuta wa matofali ulioishiwa saruji katikati, na pale ulipo mfupi ndipo mawifi hawa walipopitishiana chumvi, makaa ya moto na umbea wa mtaa mzima. Walikuwa mawifi wa kutaniana, si wa kuchimbana. Jambo hilo ni adimu na wote wawili walilijua.

Wifi alikuwa fundi cherehani. Macho yakaanza kumsaliti. Kutunga uzi kwenye sindano kukawa kunamchukua asubuhi nzima, na wateja hawana subira. Ni Mama Mboji aliyemshauri.

"Nilimwambia, wifi, uza cherehani, tulime. Mboga hazitaki macho, zinataka mikono. Nitakufundisha mwenyewe, na mboji nitakupa. Hakutaka. Nilimbembeleza kama mtu anayeposa."

Akauza. Cherehani ile ilikuwa ya mama yake.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, isipokuwa siku moja. Vidukari walivamia maharage ya wifi, wadudu wadogo weusi, wakajaa kwenye mashina yote. Akaenda dukani akarudi na chupa ndogo ya dawa. Mama Mboji akamwona kutoka upande wa pili wa ukuta, akaingia kwake kwa hasira, akampokonya chupa mbele ya wateja waliokuwa wakisubiri mchicha.

Maneno aliyoyasema siku hiyo anayakumbuka, na hayarembi. "Nilimwambia, mtu anayetia sumu kwenye mboga leo, kesho ataitia kwenye kikombe. Nilimwambia hivyo, na watu wakisikia."

"Akajibu nini?" anaulizwa.

"Aliinama, akaokota kifuniko cha chupa kilichoanguka, akanipa. Akasema, chukua na hiki."

Waliyamaliza, au walidhani wameyamaliza. Vidukari waliondoka kwa maji ya sabuni na jivu, maharage yakapona, na Mama Mboji, mwalimu wake, akaonekana alikuwa na haki. Msimu uliofuata, Mama Mboji akaamua kuzijaza bustani zote mbili samadi mpya.

Samadi ilitoka kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ng'ambo ya barabara, mtu wa heshima zake ambaye ng'ombe wake hawatoki zizini. Mama Mboji alimsaili kama hakimu. Kupe unawaua kwa dawa gani? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Mavi unayanyunyizia dawa ya inzi? Mfugaji akajibu yote, na yote yalikuwa kweli. Mama Mboji akaridhika. Akaikusanya samadi, akaichanganya na maganda na majani, akaifunika na kuigeuza miezi kadhaa mpaka ikawa nyeusi na kunukia kama msitu baada ya mvua.

Sehemu iliyoiva vizuri zaidi alimpa wifi.

Majani yalianza kujikunja nyanya zilipofika magotini. Mwanzoni alidhani ni maji mengi. Halafu akadhani ni ugonjwa, akang'oa miche kadhaa na kuichoma. Jirani mmoja akasema ni kijicho cha watu. Maharage yakafuata, kisha njegere, kisha biringanya. Kila jani jipya likitoka linatoka limeshajinyonga. Mchicha na spinachi viliendelea kuota, jambo lililomchanganya zaidi.

Upande wa pili wa ukuta ilikuwa hivyohivyo. Kila asubuhi wifi alisimama pale penye ukuta mfupi, ameshika jani karibu kabisa na macho yake mabovu, akiuliza swali lilelile.

"Wifi, haya ni nini?"

"Yatapona," Mama Mboji alimjibu.

Akisimulia hayo leo, anakiri. "Sikuwa najua kama yatapona. Nilisema tu. Yeye ndiye aliyekuwa ananiuliza, na mimi ndiye mwalimu. Mwalimu anasemaje kwamba hajui?"

Aliyekuja kulifumbua jambo ni bibi shamba wa eneo hilo, ofisa wa kilimo anayezunguka kwa baiskeli. Aliyatazama majani, akachuchumaa, akafukua udongo kwa kijiti, akauliza samadi imetoka wapi. Akaelezwa. Ndipo akauliza swali ambalo Mama Mboji, kwa kusaili kwake kote, hakuwahi kuliuliza.

"Na hao ng'ombe wanakula nini?"

Wakaenda pamoja kwa mfugaji. Nyasi kavu alikuwa akizinunua kwa marobota kutoka kwa mwenye shamba mmoja mkubwa. Na mwenye shamba huyo, ili nyasi zake zisichanganyike na magugu, huzipiga dawa.

"Dawa ile imetengenezwa iache nyasi, iue mimea ya majani mapana," anaeleza bibi shamba. "Nyanya, maharage, njegere, hayo ndiyo mapana yenyewe. Mchicha na spinachi huistahimili zaidi. Ng'ombe hadhuriki, anaipitisha tu. Na samadi hata ikioza, dawa haiozi upesi. Nimeshaona bustani nyingine zilizopatwa hivi, na zote ni za watu wanaokwepa dawa. Mtu wa mbolea ya dukani jambo hili halimfiki."

Alisema pia kwamba kwa kiasi kile, na kwa wanavyojua, waliokula mboga hawangedhurika. Lakini hakuweza kumwambia auze. Mama Mboji aliyasikia yote, ila usiku huo kilichobaki kichwani ni yale maneno mawili, "kwa wanavyojua".

Wengi wangepata nafuu kwa kutafuta mchawi. Yeye anasema amemtafuta sana na hajamwona.

"Ningempata wa kumlaumu, ningepumua. Mfugaji hakunidanganya. Mwenye nyasi hata hanijui. Dukani hawakuniuzia mimi. Niliuliza habari za ng'ombe, sikuuliza habari za nyasi. Basi. Ni mimi niliyeifungulia geti, nikaipokea, nikaigeuza kwa mikono yangu, nikampelekea na mwenzangu."

Alipita nyumba zote zilizokuwa zikinunua kwake, safari hii bila ndoo. Aliwaambia alichokosea na kwamba hauzi tena. Wengine walimpa pole. Wengine walicheka, kumbe na wewe. Vijana wa kijiweni wakambadilishia jina, wakamwita Mama Sumu, na akipita husikia. Hageuki.

Nyumba ya wifi aliiacha ya mwisho, ilhali ingepaswa kuwa ya kwanza. Alimkuta anachambua mchele uani. Akamweleza kuanzia marobota ya nyasi mpaka samadi, bila kujitetea. Wifi akaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, wifi," akasema. "Lakini huu mimi sikujichoma."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na jembe.

Mtaa mzima ulimwona siku ile. Alilima kama mtu anayeua nyoka. Alikwangua matandazo yote, akakomba mboji, akaitupa nje ya uzio kwa karai, akarudi akapindua udongo wote mpaka chini ulipo mwekundu. Hakulia wala hakutukana. Jioni uwanja wake ulikuwa mtupu kama siku walipougawa, na tangu hapo hakusimama tena penye ukuta mfupi.

Bibi shamba alikuwa amemwambia Mama Mboji afanye vilevile: aondoe samadi yote, apindue udongo upate hewa, ausubiri. Pengine mwaka, pengine miwili, pengine zaidi. Lakini Mama Mboji hakuweza. Wiki zikapita anazunguka kati ya matuta yake, anang'oa hiki, anamwagilia kile, anazungumza mwenyewe.

Mumewe alivumilia, kisha siku moja akaweka bisibisi chini.

"Mke wangu," akamwambia, "maiti hailazwi ndani mpaka inuke."

Jembe hawakuwa nalo, lilishauzwa. Ikabidi mumewe aende kuazima la dada yake, yule wifi. Lilitolewa dirishani, bila salamu ya kupeleka.

"Pigo la kwanza tu, nilikata nyungunyungu," anasema Mama Mboji. "Nyungunyungu mnene, wa kwangu mwenyewe, niliyemlisha. Nikakaa palepale nikalia. Mume wangu akaja akalima yeye, na mgongo wake ule mbovu. Haya, kumbe nina mtu wa kulima."

Ardhi ilipolimwa, mboji ikabebwa. Kwa miaka yote tangu aache kufua, hakuna kitu kilichotoka kwenye geti lile kwenda jalalani. Hata vumbi la ufagio lilikuwa na mahali pake. Sasa mkokoteni ulikodiwa, ukapakiwa mboji nyeusi iliyoiva, ukaondoka. Majirani walimwona amesimama getini ameshika mlango, mithili ya mtu anayesindikiza jeneza.

Bibi shamba alimshauri apande mahindi wakati anasubiri, kwa kuwa mahindi ni ukoo wa nyasi na hayana habari na dawa ile. Amepanda. Yako pale zilipokuwa nyanya, yana afya, yanameremeta. Yanamkera. Na mabua yake hatayaozesha, maana bibi shamba amemwonya yanaweza kuirudisha dawa udongoni.

Ndoo ya dobi imerudi kazini. Furushi la leo liko pale mlangoni, limefungwa kwa shuka, na ngozi ya vidole imeanza kupasuka mahali pale pale pa zamani. Wifi naye anapika kwenye nyumba za watu. Jioni hupita mbele ya geti na mfuko wa plastiki mwembamba, na ndani yake unaona spinachi za sokoni, zile ambazo hakuna ajuaye zimepigwa nini. Angeweza kuzitia kikapuni. Hazitii.

"Ananionyesha," Mama Mboji anasema. "Na ana haki anionyeshe."

Kipimo cha makopo alifundishwa na bibi shamba. Unachota udongo, unapanda maharage, unangoja. Majani mawili ya kwanza hudanganya, hutoka mazuri hata kwenye udongo mbovu. Ni yale yanayofuata, yanayotoka matatu kwa pamoja, ndiyo husema kweli. Tangu mboji iondoke amepanda makopo mara kadhaa, na kila mara majibu ni yaleyale.

Habari za makopo zilivuka ukuta. Mtaani hakuna siri. Na asubuhi moja, pale penye ukuta mfupi, Mama Mboji akakuta bati la biskuti limejaa udongo. Alilitambua kabla hajaligusa. Ndilo wifi alilowekea sindano, vifungo na chaki ya kukatia nguo, enzi za cherehani. Hapakuwa na neno lolote. Mwenyewe hakuonekana.

Alilichukua kwa mikono miwili. Akachagua mbegu nzuri kuliko zote alizonazo. Akalitenga na makopo yake, asije akakosea akamwagilia kwa kikombe kilekile. Jana jioni yale majani matatu yalikuwa bado yamefumba.

Chai imechemka, imenywewa, na hakuna kisingizio kilichobaki. Mama Mboji anakwenda dirishani. Anainua kapu.

Anatazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama mengine yote. Anaita, "Baba watoto, njoo na hiyo miwani yako." Fundi saa anakuja, anabana kioo jichoni, anainama juu ya jani kama anavyoinama juu ya saa ya mtu.

"Limenyooka," anasema.

"Tazama tena."

"Nimetazama. Yote matatu. Yamenyooka."

Mama Mboji anaketi kwenye furushi la nguo za watu. Uso wake hauna furaha hasa. Ni uso wa mtu aliyesikia habari njema za nyumba isiyo yake.

Sababu anaijua. Wifi alilima siku ileile, kwa hasira, na kuifukua dawa kabla haijazama. Na udongo wake ukapata hewa na mvua mapema. Yeye aliyeipenda ardhi yake mno kuipiga jembe ndiye ambaye ardhi yake bado inaumwa. "Hasira yake imekuwa na faida kuliko mapenzi yangu," anasema, na anajifunga kanga upya.

Hapitii ukutani. Anazunguka kwa njia ya mbele, kama mgeni, na kubisha hodi. Wifi anafungua akiwa amevaa tayari kwenda kazini. Wanatazamana. Mama Mboji anamnyoshea bati.

"Wa kwako umepona, wifi. Unaweza kupanda."

Wifi analipokea, analipeleka mlangoni penye mwanga, analisogeza mpaka jani linakaribia kugusa pua. Anatikisa kichwa. Macho hayaoni kitu cha ukubwa ule. Kwa hiyo atalazimika kuliamini neno la mtu yuleyule aliyemwambia yatapona, na wote wawili wanalijua hilo, na hakuna anayelisema.

Kisha wifi anafanya jambo jingine. Anaketi kitini, anaweka bati magotini, analishika jani kwa vidole viwili, na kupitisha dole gumba ukingoni, taratibu, kuanzia kwenye kikonyo hadi kwenye ncha. Ndivyo alivyokuwa akikagua pindo la gauni. Anahamia jani la pili. Anahamia la tatu.

"Halina mkunjo," anasema.

"Halina."

"Na wako?"

"Wangu bado."

Wifi analiweka bati chini. Nje, mtu anapita akipiga kengele ya baiskeli. Mama Mboji anajitia moyo, anasema anaweza kuja jioni kumsaidia kupanda, na mbegu anazo.

"Mbegu ninazo," wifi anamkata. "Na mboji yako siitaki. Nitanunua mbolea ya dukani."

"Sawa."

"Yenye namba zilizoandikwa kwenye mfuko."

"Sawa, wifi."

Mama Mboji anageuka aondoke. Anazo nguo za watu za kufua, na amelichukua jibu lake kama mtu aliyeliona linakuja. Amefika kwenye ngazi ndipo wifi anapomwita. Ameinama chini ya kiti, anavuta kitu. Ni kopo la rangi, limejaa udongo, limefungwa juu kwa kitambaa.

"Ule ulikuwa wa upande wa barabara," anasema, na macho yake hayako kwa Mama Mboji, yako kwenye kitambaa. "Huu ni wa upande wa ukuta. Sijui kama nao umepona. Utautazama."

Mama Mboji anasema atautazama. Anabeba kopo kifuani njia nzima ya kurudi, na mumewe aliyekuwa akichungulia kutoka barazani anaona mkewe anapita bila kumtania, akajua asiulize.

Anaosha kikombe kipya cha kumwagilia. Anachagua mbegu. Baadaye, mikono ikiwa ndani ya sabuni na nguo za nyumba nzima ya watu zikimsubiri, anaulizwa anatumaini nini. Anafikiri huku akisugua kola ya shati.

"Ardhi yangu itapona siku itakayopona," anasema. "Na wifi simwombi anisamehe leo. Namwomba tu asiache kuniletea udongo."